Mwezi wa Barafu Ukutani kwa Mama

Mkolani, Mwanza
16 Novemba 1997

Mpendwa kaka Obedi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi hatujambo, ila mvua imekuja kwa pupa na mahindi ya Mama yamelala.

Bahasha yako tuliipata. Mama aliiwahi mkononi mwangu, akidhani safari hii umetuma sura yako. Kumbe ni ule mwezi tena, Yuropa, mweupe wenye mistari myekundu. Nikamsomea kwamba ni barafu tupu, na kwamba kazi yako hapo chuoni ni kuunganisha vipande vya picha zake. Nilipomweleza ile mistari ni nyufa, alisema basi ni kama majaruba ya mpunga yanavyopasuka kiangazi. Akauliza nani anaishi huko hata apigwe picha nyingi hivyo. Nikamwambia hakuna mtu. Alicheka, lakini sikukipenda kicheko chake.

Nikaendelea hadi pale ulipoeleza kuwa antena kubwa ya chombo chenu cha angani iligoma kufunguka, kikabaki kutuma picha polepole kwa ile ndogo, toka huko kote kwenye sayari ya Mshtarii, ambayo mwezi huo unaizunguka. Hapo ndipo alipolipuka. Alisema kibovu kinatuma, mzima hatumi. Alisema siku hizi hata sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya, kwa hiyo njia ipo. Nilikutetea, kaka, ingawa kusema kweli nami nimekukumbuka hadi nakukasirikia. Miaka saba si mchezo.

Miezi yako yote ameibandika ukutani, pembeni ya ile picha yako ya kidato cha nne. Jumapili alikuwa akimwonyesha jirani yetu, mama Shimba, akisifu jinsi mwanawe alivyopendeza na shati la shule. Kidole chake kilikuwa juu ya mwezi. Mama Shimba akaitikia tu kwamba kweli umependeza.

Amenikataza nisikuambie, lakini nakuambia. Macho ya Mama yanaondoka. Daktari amesema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi.

Kwa hiyo usitume picha tena, hata hiyo yako tuliyoililia. Bado anamtambua mtu akisimama mlangoni, penye mwanga. Njoo usimame hapo.

Shemeji yako Nkwabi anakusalimu sana. Mama naye angekusalimu, kama angejua naandika.

Mdogo wako akupendaye,
Gladness