Maji ya Maua Mbele ya Mkaguzi

Jumatatu, 9/2

Nimekamua malimau sita tena. Mikono inawasha. Maji ya maua mekundu ya uani yametoka vizuri, zambarau. Limau linayafanya mekundu, maji ya majivu yanayafanya kijani. Ukienda tone kwa tone, asidi ya limau na besi ya majivu zinamalizana, zambarau inarudi. Nyumbani imefaulu mara tatu. Shuleni, sijui.

Mkaguzi anakuja Jumatano. Prefe, mkuu wetu wa shule, amesema wazi: nikishindwa mbele yake, kozi ya kemia anapewa mwingine. Mimi nilisomea biolojia, na hilo hajanisamehe. Naogopa.

Jumanne, 10/2

Mvua. Njia ya Nyakasanza, ya kwenda shuleni, ni tope tupu. Glasi za somo nimemwachia Dorcas wa mwaka wa tano aende kuziosha. Mtoto makini kuliko wote.

Jumatano, 11/2

Nimeaibika.

Nilimimina maji ya maua kwenye glasi tupu. Nikawaambia, tazameni, bado zambarau. Yakageuka kijani palepale. Na sijatia kitu! Mkaguzi akainua kalamu. Prefe akakohoa. Nikamgeukia Dorcas, nikafoka mbele ya watu wote: umetia nini humu, mharibifu wee?

"Madame, nilisugua tu na majivu, juu ya kuing'arisha. Inspekteri iko anakuja."

Majivu. Nani hapa Bunia hasugui sufuria kwa majivu? Hata mimi. Hakusuuza vya kutosha, na mimi sikumwambia. Besi ilikuwa ndani ya glasi kabla sijaanza.

Nikadondosha limau. Tone la nne, zambarau. La saba, nyekundu. Darasa likapiga makofi. Dorcas hakupiga.

Alhamisi, 12/2

Kozi inabaki kwangu. Mkaguzi ameandika kwamba glasi chafu ilifundisha kuliko somo nililoandaa. Nilifurahi mpaka mlangoni kwa Prefe, kisha nikamkumbuka Dorcas. Hasira hasara. Sikulala vizuri.

Ijumaa, 13/2

Nimemwomba Dorcas msamaha darasani. "Haiko neno, Madame," akasema, macho mezani.

Kisha nikauliza nani ataeleza kilichotokea ndani ya ile glasi. Dorcas anajua. Alijua kabla yangu. Nikangoja. Hakunyoosha mkono, wala mwingine yeyote. Nimeandika jibu ubaoni mwenyewe.