Koili ya Senge

Baba,

Ni miezi minne sasa. Ng'ombe mweusi amezaa jike, majani ya chai ya shamba la juu yamekuwa mengi kuliko mikono yetu, na Mama ameanza tena kuimba akikamua, ingawa hafiki mwisho wa wimbo. Koti lako bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nina jambo la kukuambia kuhusu Senge. Dada yako hajabadilika. Hoteli yake hapa Boito ni ileile ya mbao, na jiko ni lile la umeme, la koili, ulilomfungia mwenyewe. Alhamisi asubuhi koili ilikatika, sufuria ikiwa juu na wachumaji wamejaa kwenye benchi. Akanipigia simu. "Chebet, kuja uniungie hii kitu. Baba yako alikuwa anaunga dakika tano."

Nilikwenda na koleo na bisibisi. Mita ya kupimia umeme sikubeba. Ilikuwa kwenye mfuko wa lile koti, Baba, na tangu tukuzike sikuwa nimeweza kutia mkono mle ndani.

Nikatoa kipande kilichoungua, nikavuta zile ncha mbili, nikazisokota pamoja kama ulivyonionyesha. Koili ikawaka nyekundu. Maji yakachemka kabla Senge hajamaliza kukata mandazi. Yule mzee wa kubeba maziwa, aliyekuwa akikutania kila siku, akasema, "Huyu ni fundi kushinda baba yake. Marehemu alikuwa anatungojesha." Wakacheka, nami nikacheka. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu ulipoondoka.

Nilikuwa nafungua lango ndipo nikajiuliza: kwa nini yamechemka upesi hivyo?

Unakumbuka siku uliyonifundisha? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ya hesabu ya kuficha. Tulikuwa kwenye foleni ya kupimiwa majani, mvua imetoka kunyesha. Ukanionyesha watu wakishuka na mizigo. Ukasema volti ni ule mteremko unaowasukuma, ampea ni watu wanaopita, na omu ni matope yanayowazuia. Ukaandika nyuma ya risiti ya majani: volti 240, gawanya kwa ampea 4, ni omu 60. Volti 240 mara ampea 4, ni wati 960. Ukasema hesabu ya kwanza inakuambia umeme unazuiwa kiasi gani, na ya pili inakuambia moto ni kiasi gani.

Mimi nikasema koili ikikatwa ikawa fupi, basi moto utapungua. Ulicheka hadi wanawake wa mbele wakageuka. "Hata mimi nilifikiri hivyo," ukasema, "mpaka nikachoma meza ya mama yako." Ukanieleza kwamba matope yakipungua watu wanapita wengi zaidi, na koili ikifupishwa ni vivyo hivyo.

Niliingia ndani nikatia mkono mfukoni. Mita ilikuwepo, pamoja na peremende mbili, zile ulizokuwa ukiwapa watoto wa watu ili wasiguse waya. Nilikaa kitandani kidogo. Kisha nikakimbia.

Nilikuta fyuzi imeshakatika, na yule mzee wa maziwa, kwa wema wake, ameweka nyuzi za waya mahali pake ili stima irudi. Chai ilikuwa inachemka na watu wanaongea. Nikagusa ukuta. Waya ulikuwa umelainika, na ubao nyuma yake ulikuwa wa moto kwenye kiganja changu. Nikazima, nikachomoa, nikangoja koili ipoe, nikapima. Omu 40. Nikagawanya 240 kwa 40, nikapata ampea 6. Ule waya mwembamba uliouvuta kutoka nyumbani kwake ni wa ampea 5. Nikazidisha: wati 1,440. Moto wa jiko ulikuwa umezidi ule wa hesabu yako kwa nusu nzima, na ukuta ni wa mbao.

Senge alikasirika. "Baba yako aliunga mara mbili na hatukuchomeka. Wewe mara moja tu, umeogopa?"

Nikalipindua jiko nimwonyeshe mahali nilipounga. Kule chini, kwa ncha ya msumari, ulikuwa umekwaruza: 60. 54. 48. Na kando ya 48 umeandika: mwisho.

Hukuwahi kuniambia, wala Senge hukumwambia. Alipitisha kidole pale, kisha akasema polepole, "Hiyo nane ni yake. Anaichora kama kibuyu kimeinama." Nikaelewa ni omu: koili ilipokuwa mpya, kisha kila mara ulipoiunga. Nikapiga hesabu pale nimesimama: 240 gawanya kwa 48 ni ampea 5 kamili. Ulimsaidia dada yako hadi pale waya ungeweza kuvumilia, ukaishia hapo. Yule mzee alitoka akarudi na kuni za kupikia chai.

Mama sijamwambia hoteli ilivyokaribia kuungua. Nakuambia wewe, kwa sababu nilijua hesabu ile na sikuipiga. Uchungu ulinizuia kuchukua mita, na sifa zikanifanya nisikumbuke kupima. Watu wale kwenye benchi waliniamini kwa jina lako.

Jumamosi ninamfungia koili mpya na waya mnene. Atanigombeza nikichelewa, na nitachelewa, maana nitapima kwanza.

Ninakuahidi hivi, Baba: sitaunga kitu cha mtu kabla sijajua kinavuta ampea ngapi, hata wakinikimbiza, hata wakinicheka. Nikishindwa kujua, nitasema sijui.

Mama anakusalimu kila jioni, ingawa anadhani simsikii. Lala salama. Senge alifunga hoteli jana, akaenda nyumbani, na leo asubuhi nimeikuta bado imesimama, nzima.

Binti yako,
Chebet