Chumba Kilichonenepa Pichani

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Nimepiga picha za vyumba tangu asubuhi, mgongo umebandikwa ukutani kama tangazo. Bosi, dalali anayenipa kazi ya kupiga picha za nyumba za kupangisha, anataka kila chumba kionekane uwanja. Kwa lenzi yangu pana si kazi. Unajibana kwenye kona, kamera usawa wa kiuno, unainyoosha sawasawa — ikiinama kidogo tu, kuta zinalewa. Halafu bonyeza! Ukuta wa mbele unakimbia, sakafu inatanuka, na chochote kilichokaa pembeni kinavutwa kama unga uliokandwa. Stuli inakuwa benchi. Wapangaji wakija kukiona wananuna, lakini hayo ni ya Bosi.

Jioni mume wangu kauliza tena tutahama lini kwa mama yake. Tangu tuoane Januari tunalala kwenye chumba alichokulia, ukuta mwembamba kama kadibodi. Nikicheka, Mama mkwe anakohoa upande wa pili. Nataka nyumba ya kuchekea!

Jumatano, 5 Machi

TUMEPATA!

Bosi kanionyesha picha kwenye simu. Chumba cheupe, dirisha kule mbaaali, ndoo ya bluu pembeni. Nikapiga kelele ofisi nzima: hiki nakijua, nilikipiga mwenyewe mwaka jana, kikubwa hiki! Mume wangu kwenye simu akasema si twende kwanza tukakione. Nikamjibu nimeshakiona, nilisimama ndani yake. Anayehama hatoi ufunguo mpaka Ijumaa, na foleni ya wanaokitaka ni ndefu. Tumekichukua.

Mama mkwe nimempa picha aitazame. Kavaa miwani, kavua, kavaa tena. Akasema: humu kitanda changu kinaenea.

Kitanda chake! Kile cha mbao nyeusi alichochongewa na marehemu mumewe. Hakina skrubu hata moja, ni gundi na mapenzi, hakifunguki. Wageni hawaruhusiwi hata kukaa ukingoni. Na anatupa sisi! Mimi, ambaye mpaka leo sijui kama ananipenda. Nikamshika mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia, nimegeuka, nimekimaliza chumba. Ndicho hicho! Mume wangu alikuwa bado mlangoni, anasubiri nimpishe.

Ndoo ya bluu bado ipo. Ndoo tu, ya duara kama ndoo zote. Pichani ilikuwa imevutika kama yai, na sikuiona! Mimi ninayewadanganya watu kwa lenzi hii kila siku ya Mungu! Chumba nilikisahau siku ileile niliyokipiga. Nilichokuwa nakikumbuka ni picha.

Tumecheka hadi tukakaa chini, na tulipokaa, magoti yakagusa ukuta, tukacheka upya. Kwa sauti! Hakuna aliyekohoa. Nakipenda chumba hiki, kidogo hivyohivyo. Jua la jioni linaingia lote.

Halafu mume wangu akatazama kuta. Akasema: kitanda.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mama mkwe kwamba chumba ni kidogo. Hakuamini, nikaleta kamera na lenzi yenyewe. Nikamweka pembeni ya picha, akatoka na bega kama mto na mkono wa kufika jikoni. Nikamhamisha katikati, akarudi kuwa yeye. Nikasema, unaona Mama, na chumba kimevutwa vivyo hivyo.

Akatazama sana. Akasema bega ni lake, amenenepa, anajua. Na chumba ni chumba. Amekiona kwa macho yake, na kina mama wote wa kwaya amewaonyesha. Kisha akashusha sauti: kama sikitaki kitanda chake, niseme sikitaki.

Akaenda zake jikoni. Kumbe picha yangu anaiamini kuliko mimi! Inaniuma. Kitanda nakitaka, nakiota. Mume wangu kaenda na utepe kupima. Kikiingia, kitajaa ukuta kwa ukuta, kitatuachia njia ya paka. Nikauliza, sasa kitaingia? Kasema hapo kwenye mlango ndipo anapopata wasiwasi.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe bado ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Lakini kitanda kakipaka vanishi mwenyewe, kinang'aa! Seremala anakuja nacho Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa koridoni, nimekalia godoro.

Kitanda kimekwama mlangoni. Nusu ndani, nusu nje, hakiendi wala hakirudi. Mume wangu na mama yake wako ndani — Mama mkwe alitangulia kuelekeza, leteni, leteni, nafasi ipo! — na sasa hawawezi kutoka. Mimi na seremala tuko nje. Seremala kashuka kuchukua msumeno.

Nilimsikia Mama mkwe anatembea humo ndani, mara kafika ukutani. Kageuka, mara kafika ukuta mwingine. Nikajua ameona. Nikafumba macho, nikangoja aseme turudi wote kwake, sisi na kitanda na aibu yangu.

Kikatoka kicheko. Sijawahi kukisikia! Kizito, cha kutoka tumboni, mpaka akaanza kukohoa, akacheka tena. Mume wangu naye akashikwa. Na mimi huku nje nalia na kucheka kwa pamoja, jirani katoa kichwa kuangalia kuna nini.

Mama mkwe akaniita kupitia upenyo wa kitanda. "Mwanangu, hivi wewe ulisimama wapi?" Nikamwambia kwenye kona, Mama, hiyo ya kushoto. Nikamsikia anakwenda kujibana hapo. Akasema, "Ukisimama hapa kweli kinapendeza."

Seremala karudi na msumeno. Anauliza akate mguu upi.

"Asiguse kitanda changu!" Sauti ya Mama mkwe imejaa koridoni. "Mwambie akate mlango. Kitanda hiki hakirudi kwangu, na nyie wawili hamrudi!"

Seremala ananitazama mimi. Huko chini mwenye nyumba anapanda ngazi, nasikia funguo zake. Anauliza kelele hizi ni za nini.

Nimemwambia seremala aanze.