Jina la Diwani Liao

Shoga, acha unachofanya usome. Kinyaa kitupu!

Leo bendi ya kina Pei-chun imezindua albamu yao ya kwanza hapa hekaluni, ule muziki wao wa metali, roki nzito ya magitaa na makelele, uliochanganywa na zumari la misibani. Unaujua wimbo unaomtaja Diwani Liao, aliyeruhusu kiwanda kumwaga sumu kwenye shamba la mama yake Pei-chun?

Basi wakaiweka albamu kwenye spika. JINA LIMEKATWA! Palipokuwa na "Liao" pamejazwa zumari. Zumari, shoga!

Na Liao mwenyewe kakaa mbele, anatafuna keki ya nanasi.

Pei-chun akaacha ngoma zake, akamuuliza mwimbaji wao, Kuo-hsiang, "Jina liko wapi?"

Eti, "Usikuze mambo, bibie. Diwani katutafutia tamasha Taipei."

Na anacheka! Mama mtu yupo pale pale, anasikia!

Wakaanza kupiga. Walipofika penye jina, Pei-chun akanyamazisha ngoma, akapaza sauti: "Liao! Liao ndiye aliyeliua shamba letu!"

Liao mdomo wazi, keki yote inaonekana.

Kuo-hsiang akamfukuza kwenye bendi hapo hapo, kwa maikrofoni.

Mama akapanda jukwaani, akamshika mkono. "Twende nyumbani, mwanangu. Jina tumelisikia sote."