Kopo la Kukwaruza Gitaa

Mwanda, Jumapili

Mdogo wangu Sylus,

Huku mvua imenyesha, mahindi yamesimama, na shemeji yako Tryphena bado ananikaripia. Ndizi zako za huko Mata zilifika zimeiva kuliko akili yako.

Lile kopo la kukanyaga, la kukwaruza sauti ya gitaa, nililounda kwa transista za redio mbovu, limenichosha. Nyuzi nyembamba hazitoi kitu. Betri nimeilamba, ikaniuma ulimi, kwa hivyo ina moto. Transista nimezigeuza, waya nimezichomelea upya mara tatu. Kimya.

Jana nikajaribu tena. Tryphena akatoka jikoni mbio, masikio ameyaziba: "Baba Abby, ninyamazishie hicho kitu! Kinapiga mluzi hadi mbwa wanalia!"

Nikamuuliza, "Mluzi upi?"

Akanitazama tu. Hakunitukana, Sylus, na hapo ndipo nikaogopa.

Kopo ni zima kabisa. Basi kwa harusi ya Abby wetu njoo wewe upige nyuzi nyembamba, hata kama unapiga kama mbuzi anayetafuna bati. Mimi niachie besi. Hiyo bado naisikia kwa nyayo.

Ni mimi kakako, niliyekuzidi sura,
Danson