Hapa Tu, Wifi

Kwako wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwetu, ambako ni kwako pia. Natumaini karatasi hizi zitakukuta umeamka vizuri, mguu uko juu ya mito miwili kama daktari alivyoagiza, na ile hali ya kuwashwa ndani ya plasta imepungua. Mama yako naye hajambo? Mwambie taulo alizotutumia zimefika na tunamshukuru. Huku sisi wazima. Mama ananiuliza habari zako kila asubuhi, kana kwamba mimi ninazo ambazo mumeo hana. Kaka kabanwa na kazi, joto limezidi na kila duka lina friji iliyogoma, basi anashinda kapiga magoti nyuma ya majokofu ya watu. Mimi niko pale pale, nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, nakata sare za shule maana muhula unakaribia.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisomea kazini, nikaharibu kola ishirini za mashati ya wavulana, na bosi akaniuliza kama nina homa. Umeandika kwa mkono wako kwamba nisijilaumu, kwamba sikujua. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa huruma zako, na mimi ningekubali kukatizwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mengi ya haya utasema unayajua. Unayajua kwa upande wako.

Wakati kaka anakuoa, miaka mitatu iliyopita, mkimbiaji katika nyumba hii alikuwa mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa huyo. Kaka alikuwa akisimama kwenye geti la uwanja na saa yake ya kupimia muda, akinipigia kelele niongeze mwendo. Mama alinichemshia yai kila Jumapili, na wageni wakija aliwaambia huyu ndiye mkimbiaji wetu. Wewe ulikuwa unahema kwa kupanda ngazi tu. Mimi ndiye niliyekuvuta kitandani alfajiri, mimi niliyekuchagulia raba za kwanza, mimi niliyekusubiri kwenye kona ya kiwanda cha magodoro huku umejishika kiuno ukisema niende tu nikuache ufe. Nilikupenda sana siku zile. Nasema kweli, hakuna mtu rahisi kumpenda kama yule unayemsubiri.

Kisha mwaka jana mguu wangu wa kushoto ukaanza. Ulikuwa unauma kwenye muundi, upande wa ndani, kuanzia kilomita ya pili. Nilipumzika wiki tatu, nikarudi, na wenyewe ukarudi. Nikabadilisha raba, ukarudi. Nikakimbia kwenye majani badala ya lami, ukanipa siku nne za raha, halafu ukarudi. Unakumbuka nilivyokuwa nalala na mfuko wa barafu mguuni hadi godoro likalowa. Mwishowe nikaenda hospitali kwa yule mama wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wanamwita Mama Dole, kwa sababu dole gumba lake ndilo kipimo chake. Akanipa mazoezi: kupanda na kushuka kwa visigino kwenye ngazi, na kuandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Nilikuwa naandika chini ya meza ya kukatia, na wenzangu kazini wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Akasema nikae bila kukimbia mpaka atakaponiruhusu. Ikapita miezi mitano.

Katika miezi hiyo mitano, wifi, ndipo ulipoota mabawa. Sikukwambia hata siku moja jinsi roho ilivyokuwa inaniuma, sasa nakwambia. Nilikuwa nakaa dirishani na mguu wangu kwenye kiti nikiwaangalia mnatoka, wewe na kaka, yeye na saa ile ile mkononi. Mkirudi alikuwa anatangaza muda wako kabla hajavua viatu. Siku ulipovunja muda wangu wa kilomita kumi alitangaza mara mbili, halafu akanikumbuka nipo, akanyamaza. Kule kunyamaza kuliniuma kuliko kutangaza. Mama akaanza kukuchemshia mayai mawili. Na mstaafu wetu wa posta, kiongozi wa kikundi chetu cha mbio, akakubatiza jina la Cherehani, eti kwa sababu miguu yako inadunda midogo midogo na haichoki. Mimi ninayeshinda na vyerehani kumi na viwili, ndipo nikaletewa na wa kumi na tatu nyumbani.

Nilijichekesha mbele za watu, nikakupigia makofi. Usiku nilikuwa nahesabu kasoro zako, mikono unavyoitupa na kichwa unavyokiinamisha. Ile nafasi ya mbele kwenye mbio za mji, ambayo kila mwaka kikundi kilikuwa kinanipa mimi, ulipopewa wewe nilikukumbatia mbele ya wote. Ulinibana kweli kweli ukasema ni nafasi yangu, unanishikia tu. Nikasema moyoni, ukinishikia mbona unaibana hivyo?

Jumatatu ile, siku kumi na tatu kabla ya mbio, ulinijia kazini saa ya chakula. Wenzangu walikuwa wametoka. Ulikaa juu ya majora ya kitambaa cha kijivu, ukakunja suruali mpaka gotini. Ulisema mguu wa kulia unakuuma tangu wiki iliyopita, kwamba hata ukilala unapwita, na kwamba hujamwambia mumeo maana angekufungia raba kabatini. Umekuja kwangu, ukasema, kwa sababu mimi ndiye bingwa wa maumivu nyumba nzima. Ukacheka uliposema hivyo. Nikakuuliza ni wapi, nawe ukaweka ncha ya kidole juu ya mfupa.

“Hapa tu, wifi,” ukasema.

Nikabonyeza. Ulishika ukingo wa meza na machozi yakakutoka. Nikakushushia mwenyewe mguu wa suruali, nikakwambia ndio ugonjwa wangu ule ule, wala usikutishe.

“Unauma, halafu unazoea. Jikaze kisabuni ukimbie.”

Ukanishukuru. Uliniachia nusu ya mkate wako ukarudi shuleni kufundisha hesabu.

Siku ya mbio nilikuwa kwenye meza ya maji, kilomita ya nane. Nilikuona unatokea kwenye mzunguko, wa tatu katika wanawake wote. Nilikuona pia unavyokwepa kuukanyagia mguu wa kulia. Ukaanza kuchechemea, nikafurahi. Ilikuwa sekunde chache tu, lakini nilifurahi, na nilikuwa na kikombe cha maji mkononi nimekunyooshea. Kisha ukaanguka. Mguu ulikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na ile sauti uliyotoa naisikia hadi leo nikiwa nakata kitambaa kizito.

Hospitali daktari alisema kulikuwa na ufa mwembamba kwenye mfupa, wa siku nyingi, na mbio zimeumalizia. Alisema ungeacha mapema, wiki sita za kupumzika zingetosha, bila plasta wala chuma. Kaka akakugeukia, akauliza kwa nini ulificha. Wewe ukanitazama mimi. Nami nikatazama picha ya eksirei pale ukutani, nikaitazama kama mtu anayejua kuisoma. Ukamjibu kwamba hukutaka kumtia wasiwasi.

Basi kwa kuwa ngazi zetu ni arobaini na nne ukapelekwa kwa mama yako, na hapa nyumbani kesi yako ikaendelea bila mshtakiwa. Wiki tano sasa. Kaka akirudi kutoka kwako kila Jumamosi anakula, halafu anasema haelewi mtu mzima mwenye akili zake anafichaje maumivu kwa mume wake. Anasema ulipenda sifa kuliko mguu wako. Mama naye anaitikia, anasema mkwe wake ni mzuri ila ni mkaidi. Mimi nawapakulia chakula. Juzi kaka alinisifu, akasema laiti ungekuwa na busara kama ya dada yake, niliyeacha kukimbia nilipoambiwa niache. Nikapokea hiyo sifa, wifi. Nilikuwa na njaa ya sifa yake tangu mwaka jana, nikaimeza nzima nzima.

Na nisijifanye kwamba wivu umeniisha kwa kukuona umelala. Nilikuja kukuona mara moja, nikakuta kikundi kizima kimeandika kwenye plasta yako, mstaafu wa posta kachora mpaka cherehani, nikaionea wivu plasta. Nazionea wivu Jumamosi za kaka. Barua yako ya Jumatano, yenye maneno ya kunituliza mimi wakati wewe ndiye huwezi hata kwenda chooni bila kushikwa, niliionea wivu zaidi ya vyote, kwa sababu mimi nisingeweza kuiandika.

Umeandika sikujua. Wifi, nilijua.

Siku yangu ya pili kwa Mama Dole alinilaza, akaniambia nimwonyeshe panapouma. Nikapitisha kiganja kizima kwenye muundi, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Akasema vizuri, hayo ni maumivu ya kiganja, tutayatibu taratibu. Halafu akanikazia macho. Akasema siku yoyote nitakapoweza kuyafunika kwa kidole kimoja, yawe yamekaa mahali pamoja juu ya mfupa na yanapwita hata nikilala, niache hapo hapo, nisiongeze hata hatua, niende nikapigwe picha, maana huo si msuli, ni mfupa unaopasuka. Alinirudishia maneno hayo mara tatu, akanifanya niyaseme mwenyewe. Akayaandika kwenye karatasi. Siku uliyokaa kwenye majora, karatasi hiyo ilikuwa kwenye droo ya meza uliyoishika, chini ya chaki zangu.

Ulipoweka kidole nilijua kabla sijabonyeza. Nilibonyeza ili niwe na hakika, na nikawa na hakika. Sikutaka uvunjike, hilo naomba uliamini hata kama huamini jingine lolote. Nilitaka uumwe. Nilitaka urudi kitini dirishani na barafu yako, miezi mitano kama mimi, na nafasi yangu irudi, na kaka arudi getini kunisimamia. Ningekwambia acha, ungeacha na ungepona na ungerudi kunipita. Hayo yote niliyawaza kwa muda wa kushusha mguu mmoja wa suruali.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Dole. Amesema mguu wangu umepona, amenipa ruhusa ya dakika moja kukimbia na mbili kutembea. Leo alfajiri nilikwenda. Hauumi hata kidogo. Njia yote ilikuwa yangu, na nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia kila hatua.

Sikuandika haya ili unisamehe. Ningekuwa naomba msamaha ningekuja mwenyewe nikapiga magoti kwenye zulia la mama yako. Nimeandika kwa sababu umejitwika kosa langu wiki tano na unadhani unamlinda mjinga. Sikuwa mjinga. Ukitaka kumwambia mumeo, mwambie.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikaisoma sentensi hiyo ya mwisho na kuona bado nakutuma wewe ufanye kazi yangu. Leo Ijumaa kaka amerudi mapema, alikuwa anaosha mikono jikoni. Nimekwenda nikampa karatasi zote. Amesoma kasimama, maji yanamwagika, hakuyafunga. Alipofika ukurasa wa Jumatatu amerudi nyuma akausoma tena. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Amesema tu kwamba kwa wiki tano amekuwa akikugombeza kila Jumamosi na wewe unamtazama bila kujibu. Kisha amefunga maji, amevaa viatu, amechukua mfuko wake. Hangoji Jumamosi, anakuja kwako sasa hivi.

Yuko mlangoni, ananisubiri nimalize ili aichukue barua. Ameniambia neno moja.

“Malizia.”

Kwa hiyo nisalimie mama yako kwa heshima zote, na ukiona vigumu kumfikishia salamu zangu usimfikishie. Mama yetu yuko kwa jirani, akirudi nitamwambia kwa mdomo wangu, na mayai yako nitamwambia ayahesabu upya. Kaka akifika usimwache aombe radhi amesimama, hajala tangu mchana.

Mimi ambaye nitabaki kuwa wifi yako, utake usitake,

Niliyejua.