Figo Ilikuja Siku Ambayo Hukubip

Coon Rapids, Minnesota
Februari

Dada yangu mpenzi Eufrasia,

Kabla hata sijakujulia hali, nikwambie: nakojoa! Cheka utakavyo, ila usimsomee padre. Haya, sasa salamu. Hujambo? Miguu bado inakuwaka moto usiku? Na presha je? Sisi huku ni wazima, theluji imefika usawa wa madirisha, nami nakuandikia nikiwa kitandani huku mume wangu Kasmiri ananikataza kukaa wima.

Najua umenuna. Jumapili ile ulikatiwa simu kama mtu asiye na kwao, kisha binti yangu Anita akakupigia kukwambia nimepasuliwa, na Kiswahili chake unakijua, nadhani kilikuachia hofu tu. Acha nikueleze mwenyewe.

Mwaka jana daktari alituita. Alisema foleni ya figo za vijana ni ndefu, na mtu wa umri wangu anaweza kufia humo humo huku amefungwa kwenye mtambo wa kusafisha damu. Lakini ipo foleni nyingine, fupi, ya figo za wazee waliofariki. Haziko imara kama za vijana. Huenda zikachelewa kuamka, huenda zisidumu sana, na wengi huzikataa. Anita alikuja juu: "No, Mama! Usubiri nzuri!" Nikamwambia, mama yako mkubwa anauza mitumba Ifakara, kamwulize kama mtu anayetetemeka kwa baridi anangoja koti jipya la dukani. Nikatia sahihi. Akanuna wiki nzima.

Basi Jumapili hiyo tumetoka misa, naosha mchele. Simu ikalia mara mbili, ikakatika. Namba haionekani, kama zako zinavyotufikia. Kasmiri akasema, "Huyo shemeji, anabip." Unajua alivyo, ukibip hataki ungoje. Akavaa miwani, akakwangua kadi mpya ya kupigia simu, akaanza kubonyeza zile tarakimu zisizoisha. Kumbe ile ilikuwa simu ya hospitali, imekatika njiani!

Nikasikia sauti yako mpaka jikoni: "Mimi? Nibip na nini, shemeji, vocha sina tangu juzi!"

Dada, mchele ulinitoka mikononi. Nikapiga kelele, "Kata! Kata simu!" Naye kwa adabu zake anataka kwanza akuulize habari za kuku wako. Nikamnyang'anya, nikakata mwenyewe. Nisamehe. Hata sijaifuta mikono, ikalia tena. Mama mmoja wa hospitali akasema wamekuwa wakitutafuta, wanakuta tunaongea. Figo imepatikana, ya mtu mzima sana. Naitaka? Nijibu hapo hapo, maana kuna mwingine nyuma yangu. Niliogopa, sikufichi. Nilimwona Anita akilini, na uso wake ulionuna. Kisha nikauona ule mtambo, na kiti changu kando yake, na nikasema naitaka kwa sauti kubwa kama nagombea samaki sokoni.

Kasmiri aliendesha gari kwenye barafu kama amepakia mayai, kila mtu anatupita. Anita alitoka kwake Blaine akatukuta mlangoni mwa hospitali, macho mekundu. Hakubisha tena. Aliinama akanivua mabuti.

Nilipozinduka, figo ilikuwa imelala. Walituonya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kungoja ni kingine. Siku zikapita, nikarudishwa kwenye mtambo, na Anita akawa anaangalia dirishani kila daktari akiingia. Nililia nimegeukia ukuta. Nilijiona mjinga niliyebeba mzigo uliokwishaharibika.

Halafu asubuhi moja muuguzi akauinua mfuko wangu wa mkojo juu kwenye mwanga, akatabasamu. Kasmiri, mwanamume mzima, akapiga kigelegele mpaka wauguzi wakaja mbio! Na Anita, ambaye tangu aanze shule ananijibu nusu Kiingereza nusu Kiswahili, akanikumbatia akisema, "Mama, umekojoa! Mama, umekojoa!" Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Jana nimekunywa glasi nzima ya maji, dada, bila mtu kunipimia kama enzi za mtambo. Nilikuwa nimesahau jinsi yanavyoshuka.

Nilimwuliza muuguzi ni nani aliyenipa. Jina hawasemi. Alisema tu ni mwanamke, na umri wake. Ni umri wako. Umri wako kabisa. Nikakumbuka ulivyotaka kuja unipe yako, daktari wa huko akakukatalia kwa ajili ya presha, ukalia kwenye simu kwamba umezeeka, mwili wako haumfai mtu tena. Nimemwombea yule mama, na watoto wake wanaomlilia sasa hivi sijui mtaa gani. Na wewe nisikusikie tena ukisema maneno yale.

Msalimie shemeji, na mwambie apunguze chumvi. Msalimie shangazi Modesta wa kwaya, atuimbie moja ya shukrani. Daktari anasema mambo yakitulia, mwakani naweza kupanda ndege, kwa kuwa hakuna tena mtambo wa kunirudisha huku kila baada ya siku mbili. Nikifika, usiniwekee kikombe cha maji. Niwekee mtungi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekojoa,
Leokadia